Godoro la Mishale

Nilipima kwa miguu, tepu ilikuwa imepotea:
hatua kumi na nane toka mlango wa jiko
hadi ukuta wa mawe ya kuchonga
aliouacha Mzee Ngowa bila kuumaliza.
Nikamwita Nyevu apime kwa miguu yake,
maana ndiye atakayesimama hapa.
Zikawa ishirini na tatu na kisigino.

Mimi ni fundi magodoro, Muyeye nzima yanijua.
Sufi, makumbi, pamba ya kiwandani:
najua kila kipokeacho uzito kikanyamaza.
Ukuta haupokei. Ukuta hurudisha.
Mshale ukigonga jiwe huruka kama neno la mlevi,
hujui utamwangukia nani.
Basi nikashona godoro la kusimama,
makumbi niliyoyaponda kwa rungu siku tatu,
nikayashindilia mpaka sindano ikalia,
magunia mawili nje, turubai juu,
na nyuma yake nyavu kuukuu nikaitundika imelegea,
kwani iliyokazwa hutoboka
na iliyolegea hukumbatia.

Dama, mke wangu, akaja na ungo mkononi.
“Na jua?”
Sikuwa nimelifikiria jua.
Hatua zangu zote zikafa pale pale.
Tukahamisha godoro, vigingi, nyavu,
mtoto apige akitazama kaskazini,
asubuhi shavu la kulia lipate joto, jioni la kushoto,
jicho lisipofushwe.
Huko hakuna ukuta, kuna uzio wa makuti tu,
na nyuma ya makuti kuna Bi Shekue,
mwenye mbuzi watatu na hasira moja.

Nikaagiza mchanga, mikokoteni kumi na moja.
Nikajenga tuta refu kunishinda, pana kushinda deni lake.
Kisha nikabisha hodi kwa Bi Shekue,
nikamwonyesha kila kitu, hata sindano.
Akazunguka tuta, akalipiga teke.
Akaniletea leso yake nyekundu iliyochakaa:
SINA SIRI NA JIRANI.
“Itundike langoni mkipiga. Nikiiona, nafunga mbuzi.”

Komeo kwenye mlango wa uani.
Mstari wa majivu, asiuvuke mtu.
Mshale hautoki podoni
kabla sijahesabu vichwa: mtoto mdogo, Dama, kuku.

Nyevu anadhani mimi ni mwoga tu.
“Baba, shuleni tunapiga uwanjani, hakuna hata leso.”
Hajui kwamba upinde wa babu yangu Mwaringa
ulilala darini miaka arobaini bila ugwe.
Usiku mmoja nguruwe-mwitu waliingia mihogoni
na babu akalenga sauti.
Sauti ilikuwa na jina.
Ilikuwa imetoka kutafuta ndama.
Ng'ombe wa fidia walihesabiwa, wakaondoka,
na sisi wajukuu tulikua tukila mihogo ya shamba lile
bila kuuliza kwa nini babu haigusi.

Jumamosi, leso langoni.
Nyevu ameshika upinde wa shule,
kiwiko juu, kidole mdomoni,
ugwe umemkata shavu mstari mwembamba.
Nikabana pumzi. Yeye akashusha.
Akaurudisha mshale podoni, taratibu,
kama anayerudisha yai kiotani.
“Nini?”
“Leso imeanguka.”

Mimi niliyehesabu kuku sikuiona.
Nikaenda kuitundika, nikaifunga fundo mbili,
na nilipogeuka nikamkuta palepale, nyuma ya majivu,
upinde ukitazama chini,
akinihesabu mimi hatua kwa hatua mpaka nikafika.

Ndipo akapiga.
Godoro likatoa sauti ninayoijua maisha yangu yote:
mtu aliyechoka akikaa kitandani.
Shibiri nzima nje ya duara.

Tukaenda wote wawili kuuchomoa.
Ulikuwa umeingia sana.
Ulitoka na uzi wa kumbi
na harufu ya nazi.